Nani Alishuka Kupima Kina cha Tetemeko?

Mwezi uliopita alikuja ofisini mzee mmoja wa kigango chetu, kutafuta cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Cheti kilipokwisha kuandikwa na kupigwa mhuri, hakuondoka. Alibaki ameketi, mkongojo wake katikati ya magoti, akaniambia: “Karani, mwanangu, wewe ulisoma chuo cha ualimu. Nieleze jambo moja linalonisumbua tangu mwaka ule nyumba yangu ilipoanguka. Redio ilisema kwamba tetemeko lile lilitoka kilomita 40 chini ya ardhi. Je, nani alishuka huko na kamba ya kupimia?”

Mimi nilicheka, lakini yeye hakucheka. Basi nikaona kuwa swali lake si la kuchekwa. Sisi tuliosoma kidogo tumezoea kusikia hesabu za wataalamu na kuzipokea bila kuuliza, kama mtu anavyopokea chenji dukani bila kuihesabu. Mzee yule aliihesabu chenji yake. Nilimjibu siku ile kadiri nilivyoweza, kisha nikarudi vitabuni, na haya ninayowaandikia ni jibu lenyewe lililotengenezwa vizuri zaidi.

Wasomaji wa mkoa wa Kagera hawahitaji kukumbushwa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri. Mimi nilikuwa uani nikisahihisha madaftari ya watoto. Kwanza nilisikia kishindo kama cha lori zito linalopita barabarani, nikainua kichwa kulitazama lori hilo, na kabla sijaona kitu ardhi ikaanza kuyumba, hata kikombe cha chai kikaanguka mezani. Nguvu ya tetemeko ilipimwa kuwa 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia waliumia, na nyumba kwa maelfu zilianguka au zilipasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa muda kwa sababu ya majengo kuharibika. Tetemeko lilisikika Uganda, Rwanda na hata Kenya. Nao wataalamu wa Marekani wanaopima matetemeko ya dunia nzima wakatangaza kuwa kina chake ni kilomita 40.

Sasa tumjibu mzee. Kushuka, hakuna aliyeshuka, wala hakuna awezaye. Shimo refu kuliko yote ambayo binadamu amepata kuchimba kwenda chini wima lipo Kola, nchini Urusi. Walilichimba kwa miaka mingi, na mwaka 1989 walifika mita 12,262, yaani kilomita 12 na robo. Wakashindwa kuendelea, maana huko chini mawe yalikuwa na joto kuliko walivyotazamia. Tena shimo lenyewe ni jembamba, mtu hapiti. Wachimba dhahabu wa Mponeng, Afrika ya Kusini, hushuka kilomita 4 hivi, na huko hapana budi kuwapelekea hewa iliyopozwa wasife kwa joto. Basi kilomita 40 ni mbali sana na mkono wa mtu.

Lakini si lazima ushuke mahali ili ujue kina chake. Watoto wetu walijua jambo hili kabla ya wataalamu. Nani kati yetu hakupata kudondosha jiwe kisimani, akatega sikio hadi asikie “chubwi”? (Wazazi wanisamehe, sisemi watoto waendelee kutupa mawe katika maji ya kunywa.) Jiwe likichukua sekunde 2 kufika, maji yapo mita kama 20 chini. Likichukua sekunde 3, yapo mita kama 44. Hukushuka, wala huna kamba ndefu. Umepima kwa muda tu. Tena ngurumo za mvua hupimwa vivyo hivyo. Umeme tunauona papo hapo, lakini sauti ya radi huja polepole, kilomita moja kwa sekunde 3 hivi. Ukiona umeme ukahesabu hadi 9 ndipo radi ikalia, basi imepiga kilomita 3 kutoka hapo ulipo.

Na tetemeko nalo lina umeme wake na radi yake. Mwamba unapovunjika chini ya ardhi hutuma mawimbi ya namna mbili. Wimbi la kwanza husukuma na kuvuta, kama mabehewa ya gari moshi yanavyogongana moja baada ya jingine wakati injini inapoanza kuvuta. Hilo ndilo la mbio: katika miamba ya juu huenda kama kilomita 6 kwa sekunde moja. Wimbi la pili hutikisa upande kwa upande, kama kamba iliyofungwa mtini ukiichezesha ncha yake. Hili huenda polepole zaidi, kama kilomita 3 na nusu kwa sekunde, lakini ndilo lenye kuangusha kuta. Sasa naelewa kwamba lile lori nililolisikia lilikuwa wimbi la kwanza, na lililomwaga chai yangu ni la pili.

Mawimbi haya huondoka pamoja, lakini hayafiki pamoja. Kadiri yanavyosafiri mbali ndivyo la kwanza linavyoliacha la pili nyuma. Chombo cha kupimia matetemeko, kiitwacho sismografu, huandika saa ya kufika ya kila moja. Tofauti ya sekunde moja ni sawa na umbali wa kilomita 8 na kitu kidogo. Tofauti ikiwa sekunde 6, chanzo cha tetemeko kipo kama kilomita 50 kutoka kwenye chombo.

Angalieni nilivyosema: kilomita 50 kutoka kwenye chombo, wala si kilomita 50 kwenda chini. Huo ni umbali wa mshazari, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Hapo ndipo mzee wangu aliponikatiza na kuuliza kina kimepatikanaje. Nikamtolea mfano wa fundi mwashi. Fundi mzuri anapotaka pembe ya nyumba iwe sawasawa hupima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande mwingine, kisha hukaza kamba kati ya alama mbili zile. Kamba ikiwa futi 5 kamili, pembe imenyooka. Basi chukueni pembe ya fundi muisimamishe ardhini. Chombo kipo juu ya nchi, kilomita 30 kutoka mahali palipo juu kabisa ya chanzo. Mshazari, tuliopata kwa kuhesabu sekunde, ni kilomita 50. Upande wa tatu, unaoshuka chini, hauwezi kuwa mwingine ila kilomita 40.

Mzee akanitazama kwa muda, akasema: “Kumbe ni kazi ya fundi.” Nami nikamwambia: “Ndiyo, babu, ila fundi wa huku ana matatizo yake.”

Tatizo la kwanza ni kwamba hatujui tangu mwanzo mahali palipo juu ya chanzo. Ndiyo sababu chombo kimoja hakitoshi. Mambo yasiyojulikana ni manne: umbali wa kaskazini au kusini, umbali wa mashariki au magharibi, kina, na saa yenyewe ya mwamba kuvunjika. Kwa mambo manne wahitaji mashahidi wasiopungua wanne, na zaidi ya hapo ni bora. Siku hizi vituo viko duniani kote, na saa zao hulinganishwa kwa satelaiti ili zisipishane hata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa upande wetu kuna kituo Mbarara nchini Uganda, na kingine Kilima Mbogo nchini Kenya.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, nalo ni la umbali. Chombo kikiwa karibu, kina huonekana wazi. Kikiwa mbali, kina hujificha. Tufanye hesabu kidogo, wala msiogope. Kituo kikiwa kilomita 100 kutoka juu ya chanzo, kama kilivyo kile cha Mbarara kwa kukadiria, tetemeko lenye kina cha kilomita 10 lina mshazari wa kilomita 100 na nusu, na lenye kina cha kilomita 40 lina mshazari wa kilomita 108 hivi. Hiyo ni tofauti ya karibu sekunde moja katika hesabu yetu ya mawimbi, na chombo huiona. Lakini kituo kikiwa kilomita 300 mbali, mshazari wa kwanza ni kilomita 300 na wa pili ni kilomita 303. Tofauti ni sekunde 0.3 tu, na kosa dogo la kujua aina ya mwamba njiani laweza kuimeza yote. Ni kama kumwangalia mtu aliye mbali bondeni: waona yupo, lakini huwezi kusema kama amesimama au ameketi.

Ndiyo maana msikiaji makini wa redio ataona jambo la ajabu. Matetemeko mengi sana hutangazwa kuwa na kina cha “kilomita 10” kamili. Je, miamba ya dunia imepatana kuvunjika kilomita 10? La hasha. Wataalamu wanapokosa vituo vya karibu, na kuona kwamba tetemeko si la kina kirefu, huweka 10 kama kadirio la kuanzia, hadi habari zaidi zipatikane. Zamani walizoea kuweka 33. Hilo halikuandikwa kwa kudanganya, maana wenzao wa kazi wanaifahamu desturi hiyo. Lakini sisi wa vijijini hatukuambiwa, tukadhani kila namba imepimwa kwa uzani ule ule.

Iko njia nyingine, nayo hunipendeza kuliko zote. Vituo vya mbali visivyoona kina kwa mshazari hukisikia kwa mwangwi. Wimbi la kwanza huondoka kwenye chanzo likaelekea chini, likapita tumboni mwa dunia hadi nchi ya mbali. Pacha wake huondoka wakati huo huo akielekea juu, akagonga uso wa nchi kama mpira unavyogonga dari, akarudi chini na kumfuata ndugu yake kwa njia ile ile karibu. Anachelewa kwa muda wa kupanda na kushuka tu. Kwa tetemeko la kilomita 40, pacha huchelewa sekunde 10 na kitu. Kwa tetemeko la kilomita 600, huchelewa zaidi ya dakika mbili. Mtaalamu aliye Ulaya au Marekani, asiyepata kuona Kagera maisha yake yote, aweza kusoma kuchelewa huko katika karatasi yake akajua kina cha ajali yetu.

Kabla ya vyombo hivi, watu walifanyaje? Mmoja alitumia nyufa za kuta. Tarehe 16 Desemba 1857 tetemeko kubwa lilipiga kusini mwa Italia, katika ufalme wa Napoli, likaua watu zaidi ya 10,000. Mhandisi wa Ireland aitwaye Robert Mallet aliposikia habari aliomba fedha kwa chama cha wataalamu cha London, akasafiri, akazunguka milimani wakati wa baridi kutoka kijiji hadi kijiji. Hakuwa na sismografu. Alipima nyufa za makanisa na za nyumba, na upande ambako vitu vilianguka. Alifikiri hivi: ukuta hupasuka kwa kukingama na njia ya msukumo, kwa hiyo ufa uliolala mshazari waonyesha msukumo uliotoka chini kwa mshazari. Akachora mistari kutoka kila ufa kurudi ardhini, akatafuta inapokutana. Alipata karibu kilomita 10. Wataalamu waliomfuata waliona dosari, maana ukuta hupasuka kwa sababu nyingi, hasa penye milango na madirisha, na anayejenga kwa matofali ya udongo ajua hivyo. Hata hivyo namba yake si ya kuchekesha. Nami tangu nilipoisoma habari hii siwezi kupita mbele ya ukuta wenye ufa bila kusimama kuutazama umelalia upande gani.

Kisha alikuja padre mmoja wa Italia, Giuseppe Mercalli, aliyetengeneza daraja za kupima tetemeko kwa madhara yake: ni nani waliolisikia, vyombo gani vilianguka, kuta gani zilipasuka. Daraja hizo, zikiwa zimetengenezwa upya na wengine, zatumika mpaka leo kwa jina lake. Kwa njia hiyo pia kina hukadiriwa. Tetemeko lililo karibu na uso wa nchi hubomoa sana mahali padogo, nalo lililo chini sana husikika mbali huku na huko bila kubomoa sana popote. Baadaye Mjapani Kiyoo Wadati, mwaka 1928, alionyesha wazi kwamba mengine hutoka kilomita zaidi ya 300 chini. Leo tunajua yapo hata ya karibu kilomita 700.

Basi hapa mzee alinipa swali lililo bora kuliko la kwanza. “Nyumba yangu imeanguka,” alisema. “Liwe limetoka kilomita 40 au 4, mimi napata faida gani?”

Faida, au hasara, ni kubwa sana. Usiku wa tarehe 29 Februari 1960 mji wa Agadir, nchini Moroko, ulipigwa na tetemeko lenye nguvu karibu sawa na lile letu la Kagera. Lakini hilo lilikuwa na kina kifupi, tena karibu kabisa na mji. Watu wapatao 12,000 walikufa kwa sekunde chache. Nguvu ni karibu ile ile; tofauti ni mahali, kina na namna ya kujenga. Kwa upande wa pili, tarehe 9 Juni 1994 tetemeko la 8.2, lenye nguvu maelfu ya mara kupita letu, lilitoka zaidi ya kilomita 600 chini ya Bolivia. Lilisikika hata Kanada, lakini waliokufa walikuwa wachache sana. Kama lile la Kagera lingetoka kilomita 5 chini ya Bukoba mjini, sidhani kama tungekuwa tunaandika vyeti vya ubatizo kwa utulivu huu.

Tena kina hueleza jambo linaendaje. Mwaka 2007, mwezi wa Julai, nchi ya Gelai karibu na Ziwa Natron ilitetemeka kwa majuma mengi, na mtetemo mkubwa wa tarehe 17 Julai ulikuwa 5.9, sawa na wetu. Huko kina kilikuwa kifupi na ardhi ilipasuka waziwazi. Ulikuwa uji wa moto wa mawe ukijipenyeza chini, na mwezi Septemba mlima wa Ol Doinyo Lengai ulilipuka. La kwetu Kagera ni la tabia nyingine. Sehemu nyingi za dunia, mwamba wa kilomita 40 chini una joto hata ukawa laini, haukatiki kama kijiti. Chini ya pande zetu za Afrika ya Mashariki upo mwamba wa kale sana, wa baridi na mgumu, ambao hata huko chini huweza kuvunjika.

Waliojua zaidi thamani ya kina ni jirani zetu wa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, uji wa moto ukafika ukingoni mwa mji. Ulipokoma, watu wakadhani yamekwisha. Lakini ardhi iliendelea kutikisika kila siku, na vyombo vikaonyesha kwamba chanzo cha mitetemo kinasogea kusini, chini ya mji wenyewe hadi chini ya Ziwa Kivu, tena karibu na uso wa nchi. Ziwa lile limebeba gesi nyingi ndani yake. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu kwa mamia ya maelfu wakatoka na magodoro vichwani, wengine kuelekea Sake na wengine kuvuka kuingia Rwanda. Mlipuko wa pili haukutokea, na mwezi uliofuata walianza kurudi. Wapo waliolalamika kwamba walihamishwa bure. Mimi siwalaumu wapimaji, maana uji wenyewe ulikuwa umefika chini ya vitanda vya watu, nao hawakuwa na njia ya kuuliza kama utapanda au utatulia.

Nisisahau maji, maana wengi wenu mtaona jambo hili ni la karibu zaidi. Wapima visima wanaokuja na vyuma vinne na betri wanafanya kazi ya ukoo huo huo. Hupitisha umeme ardhini kati ya vyuma viwili vya nje, wakapima katikati. Na kadiri wanavyovitenganisha vyuma ndivyo umeme unavyozama chini zaidi. Mwamba wenye maji hupitisha umeme vizuri kuliko mwamba mkavu, kwa hiyo hukadiria maji yapo mita ngapi. Hukosea pia, kwani udongo wa mfinyanzi huweza kuwadanganya. Lakini kijijini kwetu walikuja watu waliochimba bila kupima kabisa, wakashuka mita 60, wakaondoka wakiacha shimo kavu na risiti.

Mzee wangu alisikiliza yote hayo, kisha akainuka taratibu. Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza: “Na siku litakaporudi, vyombo hivyo vitatuambia?”

Nikamwambia: “Hapana, babu. Vyaweza kusema lilitoka wapi na kina gani likishapita. Siku ya lijalo hakuna chombo kinachoijua.”

Akatikisa kichwa. Akasema basi nimwandikie katika kipande cha karatasi zile namba za kamba, 3 na 4 na 5, maana fundi wake alikuwa akimjengea jiko jipya na pembe zote alikuwa akizipima kwa macho. Nikamwandikia, akaikunja karatasi pamoja na cheti cha mjukuu, akaenda zake.